Shamba la udongo mgumu: usiache usalama mgodini



Mwezi wa kumi ukifika, majembe yanatoka nyuma ya mlango. Jamaa nyingi za Lubumbashi zinakwenda upande wa Kasenga, wa Kipushi na wa Likasi, kutayarisha mashamba mbele ya mvua za Novemba. Ni kazi ya heshima. Bukari ya mahindi yako mwenyewe haikatwi katika mshahara. Lakini mwezi huo huo, sisi wa dispanseri tunafungua bandeji nyingi.

Sikiliza habari hii. Mtu mmoja alifanya kazi chini ya ardhi miaka 11 bila jeraha. Siku ya pumziko akaenda shambani na ndala, akapiga jiwe kwa sululu. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikaruka. Jicho lile halikupona. Miwani yake ya usalama ilikuwa imetundikwa kazini, safi kabisa. Jiwe la shambani na jiwe la mgodini ni ndugu. Basi tujifunze namna ya kulishinda bila kuumia.

1. Jua udongo wako

Chukua udongo kidogo, utie maji, uuviringe uwe kamba nene kama kidole. Ukiikunja kama pete na haikatiki, udongo wako ni wa mfinyanzi. Huo unashika maji na chakula cha mimea vizuri, lakini ukikauka ni tofali, na ukilowa ni gundi.

Tazama pia mahali penyewe. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kiliwashwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi, pepo za kusini-mashariki zilipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, na madini yakabaki katika udongo. Mwaka 2009, wachunguzi wa Lubumbashi na wa Louvain walitangaza kwamba walikuta kobalti, risasi na kadmi nyingi katika mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kwa hiyo usilime karibu na lundo la takataka za madini, wala kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda. Mahali ambapo miti inakataa kuota katikati ya pori, pakiwa na majani mafupi tu, paogope: mara nyingi shaba iko chini. Lenga-lenga, sombe na majani ya viazi uyaoshe vema katika maji safi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

2. Ngoja saa yake

Usipigane na udongo mkavu wa Oktoba. Unavunja mpini, unavunja na mgongo. Wakati wa kiangazi fyeka vichaka na weka alama. Mvua mbili au tatu zikishanyesha, bonyeza konzi ya udongo katika mkono. Ukivunjika chini ya kidole gumba, lima. Ukinata na kung'aa, rudi nyumbani, ngoja siku mbili. Anayelima tope anatengeneza matofali.

Kwa mizizi mikubwa, wakati mzuri ni Machi na Aprili, udongo ungali laini, kwa faida ya mwaka unaofuata. Anza na kipande cha mita 10 kwa 10. Kipande kidogo kilicholimwa vizuri ni bora kuliko shamba kubwa lililokushinda.

3. Mawe na mizizi

Miti ya pori letu inachipuka tena ukikata juu tu. Chimba kuzunguka kisiki, kata mizizi ya kando kwa shoka, kisha ukiinue kwa mtaimbo. Usivute kwa mgongo. Acha miti michache mikubwa ipate kushika udongo.

Mawe si lazima yaondoke yote. Ondoa yaliyo makubwa kuliko ngumi katika mistari utakayopanda. Yapange kwa kukingama mteremko, yazuie maji yasibebe udongo. Kabla ya kuinua jiwe, ligeuze kwa mti, maana nyoka anapenda baridi ya chini yake. Jiwe zito, watu wawili: piga magoti, mgongo wima. Wanaochimba wasimame mbali, mpini wa mmoja usimfikie mwingine. Miwani na viatu vigumu ni lazima.

4. Mistari

Funga kamba kwenye vijiti viwili, ukikingamisha mteremko. Inua matuta, maji yasituame kwenye mizizi. Kwa mahindi, acha sentimita 75 kati ya mistari, na 25 kati ya mimea. Changanya mbolea ya wanyama iliyooza na majani yaliyooza. Hayo ndiyo yanayolegeza udongo mwaka kwa mwaka. Usichome majani: unachoma mbolea yako.

5. Ukijeruhiwa

Katika udongo na mavi ya wanyama unakaa mdudu wa tetanosi. Anaingia hata kwa tundu dogo la mzizi mkali. Ugonjwa unaonekana kwa kawaida kati ya siku 3 na 21: taya linakazana, shingo inakuwa ngumu, mwili unashtuka. Unaua. Lakini sindano inaukinga.

Osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Usitie majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe. Njoo dispanseri siku ile ile, hata kama damu imekauka. Jicho likiingiwa na jiwe, usilisugue, usichomoe kitu. Lifunike kwa kitambaa safi bila kubonyeza, uje mara moja.

Kina mama wengi wamepata sindano ya tetanosi wakati wa mimba. Ninyi kina baba, ya mwisho mliipata lini? Kama hukumbuki, njoo uulize kabla ya kushika jembe.

Jumapili hii, kabla ya kutoka, jiulize: viatu viko wapi? Miwani iko wapi? Maji ya kunywa na sabuni vimo katika kikapu? Kama kimoja kinakosa, rudi ukichukue. Mahindi yatakungoja nusu saa.