Diazepamu: Isikatizwe Ghafla

Diazepamu hutuliza wasiwasi mkali, lakini kwa kawaida matumizi yake hayapaswi kuzidi wiki mbili hadi nne, kwani mwili huizoea. Aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla, aweza kukosa usingizi, kutetemeka, hata kupata degedege.

Katika vijiji vya Usambara, ambako mvua za masika huharibu barabara, ni busara mgonjwa arudi kliniki kabla vidonge havijakwisha, ili mtaalamu apunguze dozi hatua kwa hatua. Mhudumu naye aandike tarehe ya kuanza na ya kukoma.

Dawa hii isichanganywe na pombe, hata ya miwa, wala na mofini: upumuaji waweza kudhoofika. Anayeitumia asiendeshe pikipiki katika kona za Mombo hadi Lushoto, wala asimgawie jirani vidonge vyake.