Modemu ya Simu na Kompyuta ya Linux

Katika shule zilizo mbali na nyaya za mtandao, njia mojawapo ya kuifikia intaneti ni modemu ndogo ya simu inayochomekwa katika kompyuta. Ikiwa kompyuta hiyo hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991 na ambao hupatikana bila malipo, mwalimu huweza kukabiliwa na fumbo. Programu anayoihitaji ili modemu ifanye kazi imo katika intaneti, na intaneti haipatikani bila modemu. Wengi hukata tamaa hapo, wakadhani chombo ni kibovu, na kompyuta ikabaki imefunikwa kitambaa. Katika makala haya tutaonyesha kwamba fumbo hili hufumbuliwa kwa kanuni ile ile ya maabara: kuchunguza hatua moja kabla ya kuiendea nyingine.

1. Je, kompyuta inaiona modemu? Fungua terminali, uandike lsusb. Kila chombo kilichochomekwa huorodheshwa kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya chombo chenyewe. Modemu isipoonekana, ihamishie katika tundu jingine.

2. Je, modemu imeshika kazi yake? Modemu nyingi zina sura mbili. Zinapochomekwa hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, ili mnunuzi asihitaji diski ya pekee. Modemu ya Huawei E1550, kwa mfano, huanza na namba 12d1:1446, na ikisha kugeuzwa huonyesha 12d1:1001. Kazi ya kuigeuza hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Ikiwa haimo, inakiliwe kwa flashi kutoka kompyuta yenye intaneti, pamoja na faili la data zake, na vyote vilingane na toleo la Linux linalotumika shuleni. Hapa ndipo fumbo linapofumbuliwa: safari moja ya mjini yatosha. Modemu ikigeuka, Linux huipa milango yenye majina kama /dev/ttyUSB0.

3. Je, modemu inausikia mnara? Kupitia mlango huo twaweza kusema na modemu kwa programu kama minicom, ambayo nayo huweza kubebwa kwa flashi. Amri zake huanza kwa herufi AT, desturi iliyotokana na modemu ya Hayes ya mwaka 1981. Tukiandika AT, modemu nzima hujibu OK. Tukiandika AT+CPIN? jibu la READY lina maana kwamba kadi ya simu haidai namba ya siri. AT+CSQ hutupa nguvu ya mawimbi, kuanzia 0 hadi 31. Jibu la 99 lina maana kwamba nguvu hiyo haikuweza kupimwa.

4. Je, kampuni ya simu imetufungulia njia? Katika programu ya mtandao, andika jina la lango la data, yaani APN, kama lilivyotolewa na kampuni. Modemu za aina hii hupiga namba *99#, na kuijibu kompyuta CONNECT. Kisha kompyuta na modemu hupatana kwa kanuni ziitwazo PPP, na kompyuta hupewa anwani yake.

Msomaji ataona kwamba kila hatua huitegemea ile iliyoitangulia. Kwa hiyo hakuna faida ya kubadilisha APN ikiwa modemu ingali inajiita diski. Anayejua mahali mnyororo ulipokatika hanunui modemu mpya bila sababu.

Mazoezi
(a) Namba 12d1:1446 haibadiliki hata baada ya dakika kadhaa. Kasoro iko katika hatua ipi, na itaondolewaje?
(b) AT+CSQ hutoa 5 katikati ya darasa na 17 karibu na dirisha. Eleza sababu.
(c) Modemu hujibu OK na READY, na mawimbi ni 20, lakini anwani haipatikani. Utachunguza nini?