Mdogo wangu, hiyo tofauti moja usiiamini bado

Mdogo wangu wa Gitega, mwalimu wako hakuonei. Umehoji akina mama wa Gitega na wa Muyinga, ukawalinganisha kwa mambo 20: chandarua, chanjo, maziwa ya mtoto, mpaka umbali wa kisima. Moja tu ndilo limetofautiana, p yake 0.03, na sasa unataka liwe kichwa cha memwari yako.

Ukikubali kipimo cha 0.05, umekubali kudanganyika mara 1 kati ya 20 pale ambapo tofauti haipo kabisa. Kwa maswali 20 yasiyotegemeana, uwezekano wa kuokota angalau tofauti moja ya uongo unafika asilimia 64. Soma tena hapo, tafadhali.

Ili kujikinga, gawa 0.05 kwa 20, upate 0.0025, na hicho ndicho kiwe kipimo cha kila swali. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Bonferroni, lakini aliyeieneza katika kulinganisha wastani ni mwanamke, Olive Jean Dunn, mwaka 1961, nami napenda wasichana wanaosoma takwimu wamjue. Ukiona inabana mno, iko ya Holm ya 1979: panga p zako kuanzia iliyo ndogo, ya kwanza ipime kwa 0.05 gawa kwa 20, ya pili gawa kwa 19, na ikishindwa moja, unakomea hapo. Ile 0.03 yako haipiti kwa Bonferroni wala kwa Holm.

Rafiki yako anayetaka kulinganisha mikoa yote 18 ya utafiti wa idadi ya watu na afya (EDS) wa Burundi wa 2016-2017, kila mmoja na mwenzake, ahesabu kwanza: ni jozi 153. Hata mikoa ingekuwa sawa, kwa wastani jozi 7 au 8 zingejitokeza kwa bahati. Kama anatafuta tu pa kuchunguza zaidi, achukue njia ya Benjamini na Hochberg ya 1995, inayodhibiti sehemu ya uongo ndani ya yale atakayoyatangaza.

Ninachokuomba zaidi ni kutozificha p zile 19 ambazo hazikuonyesha tofauti. Haushofer na Shapiro, waliopima faida ya kuwapa watu pesa taslimu huko Rarieda, Kenya, waliandika mpango wa uchambuzi mapema, na katika makala yao ya 2016 wakaonyesha pia p zilizorekebishwa. Mtu akipeleka dawa au pesa Muyinga kwa sababu ya tofauti isiyokuwapo, kuna mama mwingine atakosa.

Kwa hiyo weka jedwali lenye mambo yote 20, p ya awali na iliyorekebishwa pembeni yake. Hiyo 0.03 iandike kuwa swali la utafiti ujao, kisha umrudie mwalimu wiki hii.