BATA BUKINI MMOJA KATIKA KUNDI

Mchungaji mwenye mbuzi mia huweza kumtambua mbuzi mgeni aliyeingia kundini mwake, ijapokuwa rangi yao ni moja. Awezaje? Ni kwa sababu awajua sana walio wake. Someni sasa habari za mtu aliyefanya vivyo hivyo kwa ndege.

Katika nchi ya Uingereza, karibu na kijiji cha Slimbridge, mto Severn wapita katika uwanda mpana wa majani. Kila mwaka majira ya baridi yafikapo, bata bukini hushuka huko kula majani, wakiikimbia theluji ya kaskazini ya Urusi. Huitwa bata bukini wa paji jeupe, kwa kuwa waliokwisha kukomaa wana alama nyeupe juu ya mdomo.

Lakini yuko ndugu yao, bata bukini mdogo wa paji jeupe, aliye adimu sana katika nchi hiyo. Mwezi wa Desemba, mwaka 1945, mchoraji wa ndege, Peter Scott, alikwenda Slimbridge kumtafuta. Akalitazama kundi kwa makini, hata akawaona wawili wa aina ile katikati ya wenzao wengi. Akapapenda mahali pale, na mwaka 1946 akaanzisha huko chama cha kuwahifadhi ndege wa majini, nacho chaendelea na kazi hata leo.

Je, ndege huyo hutambulikanaje? Alama zake ni hizi:

Kwanza, jicho lake limezungukwa na duara ya manjano, kama pete.
Pili, weupe wa paji lake wapanda juu zaidi, hata kati ya macho.
Tatu, mdomo wake ni mfupi.
Nne, akikunja mabawa, ncha zake zapita mkia.

Umbo lake ni dogo pia, lakini msiamini umbo peke yake, maana aliye mbali huonekana mdogo. Wala msiamini paji peke yake, maana makinda ya aina zote mbili huanza maisha yao bila weupe huo. Alama moja haitoshi, zitafuteni zote.

Maarifa haya si mchezo. Ziko nchi ambazo sheria yaruhusu kumwinda bata bukini wa kawaida, nayo yakataza kabisa kumwua ndugu yake aliye adimu. Nao huruka pamoja. Basi mwindaji asiyejua tofauti humpiga huyu akidhani ni yule, na risasi ikiisha kutoka hairudi. Mwenye shaka na ajizuie, atazame tena.

MASWALI
1. Kwa nini mchungaji humtambua mbuzi mgeni?
2. Tajeni alama nne za bata bukini mdogo.
3. Kwa nini alama moja haitoshi?
4. Mwindaji asiyejua tofauti huleta hasara gani?