Kiuno kimezidi baada ya sindano za Kichina

SWALI: Daktari, kiuno kinanisumbua miaka, tangu enzi zangu za kupanda mikarafuu. Juzi nilichomwa sindano za Kichina. Kuinuka tu, kizunguzungu. Usiku maumivu yakazidi, na leo pana alama ya buluu. Niendelee?
Msomaji, Wete

JIBU: Mzee wangu, hayo ni ya kawaida. Kimshipa kidogo kikitoboka, damu huvilia chini ya ngozi. Alama hufifia kwa wiki moja au mbili. Maumivu nayo huweza kuzidi siku moja au mbili: kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na magunia ya karafuu waachie vijana. Kuepuka kizunguzungu, siku ya tiba usiende na njaa, omba uchomwe umelala, kisha usiinuke ghafla.

Ninachokihofia mimi ni kifua kubana au pumzi kukatika baada ya kuchomwa mabegani au mgongoni juu. Ni nadra, ila huenda pafu limetoboka: hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Pakivimba na kutoa usaha, au ukipata homa, pia usikae nyumbani.

Ukitaka kuendelea, madaktari wa Jiangsu, China, wanakuja Zanzibar tangu 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, imewazoea. Yeyote atakayekuchoma, mwambie kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukienda mara sita bila nafuu, mimi ningeacha.