Kiporo Mezani: Somo Kuhusu Chakula Kinachobaki

Katika somo hili tunazungumzia kiporo, yaani chakula kilichopikwa, kikabaki, kikalala. Wengine wataona ni jambo dogo mno kwa gazeti la seminari. Lakini mafrateri wanaosoma hapa leo ndio watakaokuwa maparoko kesho, wenye jiko la nyumba ya mapadre la kusimamia na bajeti isiyotosha. Na waamini wetu wengi ndio wanaokwenda sokoni kila Jumamosi na kurudi wakijiuliza fedha imekwenda wapi. Sehemu ya jibu iko kwenye ndoo ya makombo.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mchele mkavu ikiiva hutoa takriban kilo mbili na nusu za wali. Tuseme nyumba moja humwaga nusu kilo ya wali, kama sahani mbili hivi, mara nne kwa wiki. Nusu kilo hiyo ni gramu 200 za mchele mkavu. Kwa wiki ni gramu 800. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 41. Tukiweka bei ya kilo moja Sh 2,500, familia hiyo imemwaga zaidi ya Sh 100,000, na hapo hatujagusa mafuta, nazi wala mkaa uliouivishia wali wenyewe. Kila msomaji aweke bei ya soko lake, apate jibu lake.

Wala si sisi peke yetu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, si hotelini wala madukani. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikuwa ameshaligusa jambo hili, akilinganisha chakula kinachotupwa na mali iliyoibwa kwenye meza ya maskini. Na tunaposoma sura ya sita ya Injili ya Yohane tusipite haraka mwisho wa muujiza: Bwana aliyekuwa amelisha maelfu kwa mikate mitano ya shayiri ndiye huyo huyo aliyewaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mkate hakuona makombo yake kuwa kitu cha kuachwa majanini.

Sasa tuingie jikoni.

Wali ndio kiporo kikuu katika nyumba nyingi. Njia inayojulikana ni kuukaanga asubuhi kwa kitunguu, karoti iliyokwaruzwa na pilipili hoho, na yai likiwapo. Siri yake ni kwamba wali uliolala kwenye jokofu ni mkavu na punje zake zimeachana, hivyo hukaangika vizuri kuliko wali wa sasa hivi, ambao hugeuka bokoboko. Njia ya pili tunaipenda zaidi, nayo ni vitumbua. Akina mama wengi wa Pwani huweka wali kidogo kwenye mchele wa vitumbua ili viwe laini. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, asubuhi saga pamoja na nusu kikombe cha wali wa jana, tui zito la nazi, hamira kijiko kidogo, sukari na iliki. Acha uumuke, kisha choma. Anayekula hatajua kwamba anakula kiporo, na hana haja ya kujua.

Ugali una watu wake. Kwa ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya ugali uliolala una hata jina lake, mwiku, na huliwa asubuhi kwa chai bila aibu yoyote. Asiyeupenda ukiwa baridi aukate vipande virefu kama vidole, aukaange kwa mafuta kidogo au auweke juu ya jiko la mkaa mpaka upate ganda la kahawia, anyunyize chumvi. Watoto huugombania.

Maharage yaliyobaki yakichemshwa mpaka rojo likauke, yakapondwa kwa mwiko na kukaangwa na kitunguu na bizari, huwa kijazo kizuri cha sambusa, au hupakwa ndani ya chapati na kuviringishwa. Yakiwa mengi, tafuta mahindi yaliyochemshwa, na makande yamepatikana kwa nusu ya muda na nusu ya mkaa. Chapati zilizokauka zikatwe nyembamba, zikaangwe na nyanya, hoho na yai. Viazi vya kuchemsha ni katlesi zinazosubiri kuundwa. Na ile mikia ya mkate ambayo kila mtu anairuka ikaushwe juani, isagwe kwa chupa, itumike kuzipaka hizo katlesi baada ya kuchovywa kwenye yai. Ndizi mbivu zilizolegea mpaka ganda limekuwa jeusi hupondwa ndani ya unga wa chapati za maji, na sukari hupungua yenyewe. Mifupa ya kuku ni supu. Nyanya zilizoanza kulainika zipikwe zote siku hiyo hiyo, ziwekwe kwenye chombo chenye kifuniko. Huo ni mchuzi wa siku mbili zijazo. Mboga za majani zikishapikwa hazivumilii. Hizo dawa yake ni kupika kidogo.

Hapa inabidi tusimame, kwa sababu wapo wanaoharibu nia njema kwa kulisha watu sumu. Methali inasema akiba haiozi, kiporo huoza. Hatari kubwa iko kwenye wali uleule tunaoudhani hauna neno. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia moto wa kupikia. Wali ukiachwa sufuriani kwenye joto la kawaida, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu. Na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Pia haina harufu. Mtu hula wali unaonekana mzima, na ndani ya saa chache, pengine nusu saa tu, anaanza kutapika. Kwa hiyo ile kauli ya jikoni, "ukichemka vizuri hauna shida", si kweli kwa wali uliolala mezani usiku kucha.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kipate joto la kutosha, nyuzi 70, mpaka katikati. Sufuria kubwa ndiyo adui, kwani katikati yake joto hukaa saa nyingi hata kama juu pamepoa. Tandaza wali kwenye sinia, tabaka jembamba, ufunike kwa kawa. Ukitaka upoe upesi, liweke sinia juu ya karai la maji baridi, kisha utie kwenye jokofu. Pasha mara moja tu. Kilichopashwa kikabaki tena, basi kimemaliza safari. Chakula chenye tui la nazi huchacha haraka kuliko vyote, wala hatuoni sababu ya kubishana nacho.

Na asiye na jokofu? Tuseme ukweli: mengi ya haya hayamhusu, na asijione mbadhirifu kwa hilo. Yeye aokoe kwa kipimo. Apime mchele kwa kikombe kilekile kila siku, aone kinabaki nini, apunguze. Kinachobaki mchana kiliwe jioni hiyo hiyo baada ya kuwekwa kwenye moto mapema, si kesho.

Tutaje pia ukungu. Mahindi, karanga au unga uliopata ukungu si kiporo cha kubuniwa mapishi. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kupepeta tu, na watu wa Dodoma na Manyara wanakumbuka mwaka 2016, wagonjwa walipojaa na wengine wakafariki. Huo usipewe mtu, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa.

Kuna swali ambalo mapishi hayalijibu: nani anakula kiporo? Katika nyumba nyingi baba na watoto hupakuliwa chakula cha moto cha leo, mama akala cha jana kimya kimya, na dada wa kazi akapewa cha juzi. Hapo familia inajisifu kwamba haitupi kitu, kumbe imemgeuza mtu mmoja kuwa ndoo. Sisi tunasema kiporo kikifaa kuliwa, kiwekwe katikati ya meza na wote wale, baba akianza. Kama hakifai kwa baba, hakifai kwa binti aliyekuja kusaidia kazi. Kipimo hichohicho kitumike kwa maskini anayebisha hodi. Kumpa chakula chema kilichobaki ni tendo la upendo. Kumpa kilichochacha kwa sababu tunaona uchungu kukitupa ni kumtupia yeye.

Kwa jiko la seminari, uokoaji mkubwa hauko kwenye mapishi bali kwenye kuhesabu vichwa. Mwisho wa wiki mafrateri wanakwenda utume parokiani, na mpishi asiyeambiwa atapika kwa idadi ya Jumatano. Karatasi moja ukutani, kila mmoja akiandika ifikapo chai ya asubuhi kama mchana hatakuwapo, inaokoa kilo nyingi kuliko ustadi wowote wa vitumbua. Kupakua nako kuwe kwa awamu mbili: kidogo kwanza, anayetaka arudi. Kilichoko kwenye sufuria bado ni chakula. Kilichokwisha kuguswa kwenye sahani ni cha nguruwe. Hatuwadharau nguruwe, ila kuwalisha wali wa Sh 2,500 ni ufugaji wa gharama.

Bado kuna sherehe. Ubatizo, ndoa, somo wa parokia: pilau huwa nyingi, maana hakuna anayetaka aibu ya wageni kukosa. Pilau ni wali na nyama pamoja, kwa hiyo saa mbili zile zinahesabiwa kwa ukali zaidi. Kamati ya chakula isingoje hotuba ziishe. Baada ya mgeni wa mwisho kupakuliwa, kinachobaki kigawanywe papo hapo kwenye vyombo vyenye vifuniko ambavyo wanajumuiya wameambiwa waje navyo, na cha kwanza kitoke kwenda kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika, kikiwa bado cha moto.