SOMO: Nembo ya Halali na Swali la Nani Achinje



Katika semina za vikundi vya ufugaji wa kuku kuna swali ambalo haliachi kurudi: tukitaka kuuza kwenye hoteli za mjini, nani achinje? Wengine huuliza kibiashara, wengine kwa uchungu. Kabla ya kujibu, tutazame nchi ya mbali ambako jambo hili lilifika bungeni.

Katika sensa ya Australia ya 2011, Waislamu walikuwa asilimia 2.2 tu. Lakini nchi hiyo huuza nyama nyingi Mashariki ya Kati, Indonesia na Malaysia, na wanunuzi huko hudai cheti cha halali. Kiwanda huiomba taasisi ya Kiislamu, mkaguzi huja, ada hulipwa, nembo hutolewa. Wala si nyama tu. Mtindi waweza kutiwa jelatini ya nguruwe, na vionjo vya biskuti vyaweza kuyeyushwa kwa pombe. Mlaji hawezi kuyaona hayo kwa macho, ndiyo maana ya nembo.

Mwaka 2014 kampeni ya kupinga vyeti ilipamba moto huko. Ilidaiwa kwamba ada hizo ni kodi ya dini anayotozwa kila mlaji, na kwamba fedha zinakwenda kwa magaidi. Novemba mwaka huo kampuni ya maziwa ya Fleurieu, Australia Kusini, ilichoshwa na mashambulizi ikaacha cheti. Ikapoteza pamoja nacho mkataba wa kuuza mtindi kwa shirika la ndege la Emirates, wenye thamani ya dola 50,000 za huko.

Mei 2015 Seneti iliagiza uchunguzi, na ripoti ikatoka Desemba. Vyombo vya serikali vinavyofuatilia fedha za uhalifu havikuona uhusiano wa moja kwa moja kati ya ada za halali na ugaidi. Hata hivyo kamati haikuwaita walalamikaji wote wajinga. Ilikiri kwamba watoa vyeti ni wengi, na usimamizi wa soko la ndani ni hafifu. Sisi tunaona hapo ndipo penye funzo: tuhuma ilipimwa kwa ushahidi, na malalamiko yenye msingi yakapewa nafasi yake.

Hapa Tanzania hatukuwa na bahati hiyo. Kwa miaka mingi uchinjaji wa nyama ya kuuza umefanywa na Waislamu kwa mazoea tu, bila nembo wala karatasi, na Wakristo tumekula. Februari 2013 ugomvi wa nani achinje ulizuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Mazoea yasiyozungumzwa huonekana kama amani mpaka siku mtu mmoja anapoyakataa.

Mtume Paulo aliandika habari za nyama ya sokoni katika 1 Wakorintho 8 na 10. Wengi wetu hupenda sehemu ya uhuru, kwamba kinachouzwa sokoni kiliwe bila kuulizauliza, kisha tunafunga Biblia kabla hajafika kwa yule mwenye dhamiri dhaifu. Tena wapo wahubiri wetu wanaofundisha kwamba nyama ya halali ni sadaka ya sanamu. Hatukubaliani nao. Mwislamu akichinja hutaja jina la Mungu, na kumsingizia ibada ya sanamu ni kumshuhudia jirani uongo.

Basi, kwa vikundi vya kuku ushauri wetu ni huu. Muulizeni mnunuzi anataka nini. Akitaka halali, tafuteni mchinjaji Mwislamu, mlipeni kwa kila kuku, na malipo yaandikwe kwenye daftari la kikundi ili asiwepo wa kunong'ona baadaye. Mkiuziana wenyewe mkachinja wenyewe, semeni hivyo waziwazi. Kosa kubwa ni kumwambia mteja kuku ni halali wakati sivyo. Huo ni wizi, hata kama hatajua kamwe.

Kwa mazungumzo ya kikundi: je, mwanachama akikataa kabisa kuku wa mradi wachinjwe na Mwislamu, mtamjibuje? Na je, mmewahi kuwauliza majirani zenu Waislamu wao wanalionaje jambo hili?